Mbwa Kali Anajikuna

Nkt! Vuta hilo kreti la soda ukae, na chai yako ifunike kwa kiganja maua yasiingie. Wewe ulipokuwa umepotelea huko ulikopotelea, sisi hapa tulikuwa na kesi, na mshtakiwa alikuwa huu mti unaokudondoshea.

Kijiwe unakijua. Barabara ya kutoka Milimani inateremka kuelekea mjini, mjakaranda umesimama kwenye pembe, fundi wa viatu yuko chini yake juu ya sanduku lake la gundi, vijana wa boda wanagombania kivuli, na dada wa chapati yuko na jiko lake ng'ambo ya mtaro. Mimi nauza magazeti, maana yake nasoma magazeti ambayo watu hawakununua. Nyuma yetu kuna ukuta, kwenye ukuta kuna lango jeusi la bati, na kwenye lango kibao cha herufi nyekundu: MBWA KALI. Kenya nzima kibao ni hicho hicho. Hata aliyefiwa na mbwa miaka kumi iliyopita bado ana kibao. Lakini hapa mbwa alikuwepo kweli, jamani shepadi wa miaka miwili, na abiria akishukia langoni bati lote lilikuwa linatetemeka kwa sauti yake.

Basi mwezi wa sita tukasikia kimya. Halafu kimya kikaanza kugonga: du-du-du-du, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anayeomba kufunguliwa kutoka ndani. Fundi akaweka kiatu chini, akainama hadi shavu likagusa lami, akachungulia chini ya lango.

"Ni Mbwa Kali," akasema. "Anajikuna. Mguu unapiga bati."

Jioni ile soja wa lango hilo akamtoa nje kwa kamba, na tukamwona kwa karibu. Wee! Nyayo za mbele, zilizokuwa rangi ya mchanga, zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, kana kwamba amesimama kwenye chai ya rangi usiku kucha. Kumbe ni mate. Mbwa mwenye manyoya ya rangi nyepesi akilamba mahali wiki kwa wiki, mate yanapapaka rangi. Kwapani manyoya hayakuwepo kabisa, na ngozi ilikuwa imenenepa na kuwa nyeusi, ina mikunjo kama goti la ndovu. Sikio nililikaribia kidogo nikarudi nyuma. Lilinuka kama unga wa chapati uliolala siku tatu. Naye mwenyewe hakutubwekea. Alikaa chini, akainua unyayo, akautafuna katikati ya vidole kwa bidii kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki.

Sasa hapo ndipo madaktari walipojitokeza. Kijiwe hakina mgonjwa asiye na tiba.

Kijana wa boda alikuwa amebadilisha oili asubuhi hiyo hiyo. "Upele huo. Ninayo oili chafu nusu lita, mpake aote jua, wiki moja amepona." Mwenzake akasema oili ni ya zamani, siku hizi watu wananunua dawa ya kupe ya ng'ombe kwa agroveti, wanamwogesha mbwa nayo. Kipimo je? "Si unaona maji yamekuwa meupe, unajua yametosha." Dada wa chapati akasema mshubiri na maji ya chumvi. Fundi akasema huyu hana upele wala kupe, huyu anakaa chini ya mjakaranda kama mimi, na huu mti una unga. Yeye mwenyewe macho humwasha. Na kama si mti ni vumbi, kwani jina Nakuru linasemekana limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni vumbi. "Tumepewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021," akasema, "lakini vumbi halikupewa barua ya kuhama."

Soja akanong'ona kwamba Mwalimu, mwenye nyumba, amesikia kwa jamaa zake kuwa ni alaji. Walicheka hadi chapati ikaungua. Fundi akafuta machozi: "Alaji ni ugonjwa wa watu wenye bima!"

Mimi nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Nilikuwa na mbwa huko Bahati nikiwa kijana. Jike, rangi ya chai ya maziwa. Alianza kujikuna mvua zilipokatika, nami nikafanya walichokuwa wakifanya wote: nikaenda kwa fundi wa matrekta, nikaomba oili nyeusi, nikampaka kwa tambara kuanzia masikioni hadi mkiani. Hakuna aliyenikumbusha kwamba mbwa ukimpaka kitu atakilamba. Siku ya pili alitapika cheusi. Oili iliyotoka ndani ya injini imebeba vyuma vilivyosagika na mabaki ya mafuta, na ngozi yenye vidonda haiizuii, inapita. Siku ya tano nilimzika chini ya mparachichi. Majirani wakaja kunipa pole, wakasema upele ulikuwa umemshinda.

Kwa hiyo kijana wa boda aliponyanyua lile kopo nilimshika mkono. Na ile ya kupe pia nikamwambia aache. Dawa ya ng'ombe imetengenezewa ng'ombe wa kilo mia tatu au nne ambaye hajilambi miguu usiku kucha. Mbwa akipewa kali kupita kiasi, kuna dawa inayomlegeza moyo hadi analala kama amelewa, na kuna nyingine inayomtoa mate na kumtetemesha mpaka aanguke. Nkt! Halafu tunasema upele ulimshinda.

Mwalimu si mtu mbaya, nisimsingizie. Alifundisha miaka mingi, nusu ya boda hawa amewachapa kwa mkono wake. Alikuwa amempeleka mbwa duka fulani la dawa za mifugo mara tatu. Kila mara kijana wa kaunta alimdunga sindano, mbwa akalala vizuri siku kadhaa, halafu mguu ukarudi kwenye bati. Zile sindano ni za jamii ya steroidi, na sisemi ni sumu. Daktari akizipima na kuzipunguza polepole zinaokoa. Lakini zikidungwa kila mwasho ukirudi, bila mtu kuuliza mwasho unatoka wapi, unazima king'ora huku mwizi bado yumo ndani. Mbwa anakunywa maji kama tangi, anakojoa kila kona, ana njaa ya ajabu, na ikiendelea miezi tumbo linaning'inia na ngozi inakuwa karatasi. Soja alikuwa ameyaona hayo ya maji na mkojo. Hakuna aliyemuuliza.

Ndipo akaja daktari wa mifugo hasa, aliyesomea na kusajiliwa, msichana mdogo wa gari dogo. Fundi alimwita "binti" alipofika na "daktari" alipoondoka. Kazi aliifanya nje ya lango, kwenye zege, kwa sababu kulikuwa na mwanga, na sisi tukapata viti vya mbele.

Hakuanza na sindano. Alianza na karatasi ya choo.

Aliilowesha kwa maji, akaitandaza chini, akamchana mbwa juu ya mkia kwa kitana cha meno ya kubanana. Zikadondoka punje nyeusi, kama pilipili manga. "Ni mchanga," akasema boda. "Subiri," akasema daktari. Tukasubiri tumeinama wote, vichwa vimegusana. Punje zikaanza kutoa rangi kwenye karatasi, duara dogo jekundu-kahawia kuzunguka kila moja. Mchanga hauvuji damu. Hicho ni kinyesi cha kiroboto, na kinyesi cha kiroboto ni damu ya mbwa iliyosagwa. Punje zilikuwa nne tu. Dada wa chapati akasonya kwa niaba yetu sote: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Halafu akachukua wembe butu wenye tone la mafuta, akakwaruza ngozi pembeni ya kidonda, akapaka kwenye kioo kidogo kwenda kuangalia wale wadudu wa upele wenyewe, ambao macho hayawaoni. (Kesho yake alipiga simu: hawakuwepo.) Akachungulia masikio, akanusa kama nilivyonusa mimi, ila yeye hakurudi nyuma. Akasema hiyo ni hamira. Kuvu wa jamii yake hukaa kwenye ngozi ya kila mbwa kwa amani, na ngozi ikivimba na kuloa wanapata sherehe. Hamira si chanzo. Hamira ni mgeni wa matanga.

Kisha akamgeukia Mwalimu na swali moja: "Lini?"

"Lini nini?"

"Anajikuna lini?"

"Kila siku," akasema Mwalimu. Akafikiri. "Karibu kila siku. Krismasi alikuwa vibaya. Ama ilikuwa Pasaka?"

Daktari akasema hilo ndilo swali lote. Mwasho wa chakula hauna msimu. Kuku akikuwasha Januari, atakuwasha na Agosti. Wadudu wa upele hawaendi likizo. Lakini mbwa ambaye miezi fulani ni mzima kabisa, na miezi fulani anajitafuna, na alianza akiwa bado kijana, kati ya miezi sita na miaka mitatu, huyo anakuambia kuna kitu kinakuja na kuondoka na hali ya hewa. Kinachotakiwa ni kumbukumbu. Mwalimu akaona haya. Mwanamke aliyeweka rejista za shule maisha yake yote hakuwa na rejista ya mbwa.

Soja akakohoa.

Kile kibanda chake cha mabati kina msumari mmoja, na kwenye msumari kuna kalenda ya mwaka huu, na nyuma yake ya mwaka jana, zote za bure. Akazileta mbili zikiwa zimekunjwa. Tarehe nyingi zilikuwa na alama ya msalaba kwa kalamu ya bluu.

"Hizi ni siku za usiku ambazo hakubweka," akasema. "Alikuwa anajikuna tu. Nilisema, wezi wakiingia, nikiulizwa mbwa alikuwa wapi, nionyeshe."

Mzee wa watu! Mwaka mmoja na nusu alikuwa akijitayarishia utetezi, na kumbe alikuwa anaandika faili la hospitali. Daktari aliweka kalenda juu ya boneti ya gari, na fundi akavaa miwani yake ya kushonea, na sasa kesi ya mjakaranda ikaanza kusikizwa.

Machi na Aprili za mvua ya masika, misalaba miwili mitatu. Katikati ya Mei imeanza kushikana mikono. Juni imejaa, hakuna pa kuweka kidole. Julai imejaa, Agosti inapungua. Septemba ya mwaka jana: safi. Oktoba: safi. Novemba mwishoni, mvua ya vuli imeshanyesha, imerudi, Desemba ipo. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa sahihi juu ya Krismasi.

"Fundi," nikamwambia, "mjakaranda unachanua lini?"

Hakujibu. Anajua. Anafagia maua haya kila asubuhi ya Septemba na Oktoba, ile miezi iliyokuwa safi kama sahani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Daktari akaeleza, na mimi sijawahi kusikia jambo likikaa sawa hivyo. Ua likiwa kubwa, lenye rangi na harufu, linaita nyuki. Chavua yake, ule unga wa uzazi, ni mzito na unanata, umetengenezwa ubebwe kwa miguu ya nyuki, hauruki mbali. Ndiyo maana waridi zote za Naivasha zinazopandishwa ndege kwenda Ulaya si za kulaumiwa na pua ya jirani. Anayeruka ni yule asiye na nyuki: nyasi. Nyasi hana rangi wala manukato, hana wa kumbebea mzigo, kwa hiyo anamwaga unga mwepesi kwa mamilioni na kumwachia Mungu na upepo. Hakuna mtu amewahi kupiga picha ya harusi mbele ya ua la nyasi. Hata mahindi, ambayo nayo hutegemea upepo, unga wa mbelewele zake ni mzito, mwingi unaanguka humo humo shambani.

"Basi ni nyasi za pori," akasema boda, akionyesha ploti tupu ya ng'ambo.

"Zimo," akasema soja. "Lakini angalieni Jumapili."

Tukaangalia Jumapili. Wallahi! Misalaba ya Jumapili na Jumatatu ilikuwa mingi kuliko ya siku nyingine, na baadhi yake ameikoleza mara mbili, usiku mbaya zaidi. Jumamosi ndiyo siku ambayo kijana wa mashine huja kukata nyasi za Mwalimu.

Sasa hapa niruhusu niende polepole, kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Bustani ya Mwalimu ni ya nyasi za kikuyu, zile zinazotambaa, ambazo ni za milima yetu hii kabla ya kupelekwa Australia na Afrika Kusini. Miaka yote mimi nilidhani nyasi hizo hazitoi maua. Asubuhi moja soja akaniita, saa kumi na mbili na nusu, umande bado. Bustani ilikuwa imekatwa juzi, fupi kama kichwa cha mwanafunzi, na juu yake kulikuwa na weupe, kama mtu amenyunyiza maziwa ya unga. Nikachuchumaa. Hazikuwa utando wa buibui. Zilikuwa nyuzi, moja moja, zimesimama wima kutoka ndani ya majani, nyembamba kuliko uzi wa fundi, na kila uzi una kichwa kidogo kinachotikisika ukipumua. Nikapitisha kidole, kikatoka na unga. Hilo ndilo ua la nyasi za kikuyu. Limejificha ndani ya shina, na linapenda kukatwa, kwani likikatwa fupi ndipo linatoa nyuzi zake. Jua likipanda zinasinyaa, na wewe mwenye nyumba unayeamka saa tatu hutaziona maisha yako yote.

Na katikati ya ule weupe kulikuwa na mahali pamelazwa, umbo la mbwa aliyejikunja. Ndipo alipokuwa akilala.

Fundi aliuliza swali la maana, na nampa sifa kwa hilo: mbona mtu mwenye alaji anapiga chafya na mbwa anajikuna? Daktari akasema mbwa naye anaweza kupiga chafya, lakini vita vyake vinapiganiwa kwenye ngozi: nyayo, kwapa, tumbo, masikio, kuzunguka macho, palepale panapogusa nyasi na penye manyoya machache. Mimi nikawafafanulia wenzangu kwa lugha ya Kenya. Mwili wa mbwa umeuona unga wa nyasi, ambao hauna kosa, ukauita waandamanaji. Umeweka askari kila kona ya ngozi. Unga ukifika, askari wanarusha vitoa machozi, na anayelia ni mwenye nyumba. Neno lenyewe la alaji alilitunga daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1906. Kwa Kiswahili ni mzio, ila hapa kwetu ukisema mzio kijana wa boda anauliza mzigo uko wapi.

"Na viroboto wa punje nne wamefanya nini hapo?" akauliza dada.

Jibu la daktari nimelihifadhi. Boda ikibeba mtu mmoja inapanda Milimani. Ikibeba wawili inalia lakini inapanda. Ukiongeza gunia la viazi vya Molo inarudi nyuma na kuangusha wote. Mwasho ni hivyo, unajumlishwa. Nyasi ni abiria, vumbi la ndani ya nyumba ni abiria (si vumbi la barabara, fundi, ni vijidudu vinavyokula ukoko wa ngozi kwenye zulia na blanketi), na kiroboto ni gunia la viazi. Huwezi kuondoa nyasi zote Nakuru. Gunia unaweza kulishusha.

Kwa hiyo gunia likashushwa kwanza: dawa ya viroboto ya mbwa, kwa uzito wa mbwa, kila mwezi, mwaka mzima, hata miezi ambayo haoni kiroboto. Na hapa acha nisonye kidogo. Nkt! Mji huu ndio uliokuwa na kiwanda cha pareto. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza dunia kwa lile ua jeupe lililokuwa likikaushwa Molo na Njoro, na unga wake ndio ulioua viroboto wa nusu ya dunia. Leo tunanunua nakala za maabara zilizoiga pareto, zimefungwa kwenye vichupa kutoka ng'ambo. Sawa. Lakini ukiwa na paka ndani ya nyumba soma karatasi ya kichupa, maana ile iitwayo permethrini mbwa anaivumilia na paka inamuua. Mwalimu ana paka wawili. Daktari alimwandikia nyingine.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya soja na karai. Kila jioni mbwa akishazunguka, miguu yote minne inaingia kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na chochote, na tumbo linapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Kisha inakaushwa, na hapo daktari alichuchumaa akaonyesha: katikati ya kila kidole, kwa fulana kuukuu, kwa sababu ukiacha unyevu umewapikia wale hamira. Mara moja kwa wiki katika msimu anaoga mwili mzima kwa shampuu ya mbwa, povu linakaa dakika kumi, na dakika kumi ni ndefu kuliko unavyodhani ukiwa umemshika shepadi aliyelowa. Si sabuni ya nguo wala ya mche. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, ukiipiga sabuni kali unaubomoa ukuta uliokuwa umebaki. Malazi yakahamishwa kutoka kwenye nyasi hadi veranda ya saruji, juu ya blanketi linalofuliwa kwa maji ya moto kila wiki. Na Jumamosi ya mashine mbwa anafungiwa nyuma ya nyumba, na Jumapili asubuhi pia, hadi ule weupe usinyae.

Dawa za kumeza alipewa za siku chache, za kupunguza taratibu, pamoja na za masikio. Kijana wa boda akauliza kama piriton yake ya mafua ingefaa. Daktari akasema vidonge vya jamii hiyo vinasaidia mbwa wachache, na kipimo ni chake daktari. Ila zile za mafua zilizochanganywa na vitu vingine ni hatari, na vidonge vya maumivu vya watu, panadol na ndugu zake, vinaweza kumuua mbwa. Dada akauliza omena. Akasema mafuta ya samaki yanaisaidia ngozi, lakini yanahitaji miezi miwili hivi kuonekana, na omena wa kuweka kwenye ugali si kipimo cha dawa, ni chakula kizuri tu, asiyetiwa chumvi. Zipo pia tembe zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2013 zinazozima mwasho bila ile njaa na mikojo, na zipo chanjo za kumzoesha mbwa unga wa nyasi kidogo kidogo kwa miezi mingi. Alizitaja kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya ploti, akaendelea.

"Atapona?" akauliza Mwalimu.

"Hapana," akasema daktari. "Atakuwa nayo. Lakini atalala."

Wiki ya kwanza du-du-du iliendelea. Fundi akaanza kusema hata msichana ameshindwa. Wiki ya tatu nikamsikia soja akicheka peke yake kibandani, kwa sababu mbwa alikuwa amejifunza: jioni akisikia karai linagusa saruji anakuja mwenyewe, anaweka mguu mmoja, anaangalia pembeni kama mtu anayepimwa viatu. Agosti ilikwisha na misalaba saba. Mwalimu akamnunulia soja daftari, jeusi, la kurasa mia mbili. Soja akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na anaandikia hesabu za mahindi yake ya Rongai. Mbwa bado yuko kwenye kalenda.

Sasa ni Oktoba, na unaona mwenyewe mti ulivyo, na chini yake palivyo. Juzi soja kapita naye hapa bila haraka. Nyayo zimeanza kurudi rangi ya mchanga, kwapani pameota manyoya mafupi kama ndevu za kijana. Fundi kamwona akija, kanyanyuka kwenye sanduku, kachukua ufagio wake wa njukuti, na mbio mbio akafagia maua yote ya njia hadi kwenye mtaro. Tukamwambia, fundi, mti uliachiliwa, kesi ilikwisha. Akasema yeye hana kesi na mtu, anafagia tu.

Mbwa Kali akafika, akanusa pale palipofagiliwa, akapita. Akaenda hadi ukingoni mwa mtaro ambapo rundo la zambarau lilikuwa limelala laini, akajigeuza, akajitupa humo chali, miguu minne juu.

"Nkt!" akasema fundi.